Adui Hasubiri Amina

Kila jioni, kabla ya kuanza kata, ule mfululizo wa miondoko ya karate, nilifumba macho nikasali. Nina miaka arobaini na sita na magoti yangu yanalia. Mwalimu Badru, muuza vitenge hapa Kasulu, alikuwa akinicheka.

"Mama Winnie, fumbua macho! Adui hasubiri amina. Na huo mkono unaourudisha kiunoni si pambo. Umeshika mtu, unamvuta."

Sikumwelewa mpaka Jumamosi, nikirudi kutoka kwa dada yangu kijijini Nyakitonto. Kwenye njia ya katikati ya mihogo mwanamume alinifuata. Nikiharakisha, naye anaharakisha. Kisha akanidaka mkono.

"Tulia, mama. Ukipiga kelele nakukata."

Nilifumba macho. Bwana, nisaidie. Nikasikia pumzi zake tu, nikatambua kwamba sijui mkono wake wa pili uko wapi. Nikafumbua. Ulikuwa unalitafuta panga kiunoni mwake.

Nikageuza kiganja, nikamshika yeye, nikapinda goti na kumvuta kwa uzito wangu wote mpaka ngumi ikafika kiunoni. Akaanguka kifudifudi. Nilikimbia hadi barabarani bila kujua kama ameinuka.

Jumatatu niliinama tena mbele ya mwalimu, nikasali macho yakiwa mlangoni.

"Ehee! Leo mama kafumbua," alisema Badru, akicheka.

Mimi sikuweza kucheka. Mlango ulikuwa wazi, na sura ya yule mtu nilikuwa naikumbuka vizuri.