Nzi wa Mkono wa Kushoto

Kabla sijavuka mlango, moyoni mwake wifi yangu alikuwa ameshampa mtu mwingine kiti changu. Niliujua ule uso. Yeye ndiye msimamizi wa karakana yetu, tunakofunga nzi bandia wa kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi. Ndoano ndogo, uzi, unyoya, basi. Samaki anadhani ni mdudu.

"Pole jamani, wifi," akasema, akiutazama mkono wangu wa kulia uliopooza kwa kiharusi. "Nenda kapumzike. Watoto watakutunza."

"Thubutu! Mwanangu anilishe uji kwa kijiko wakati nina mkono mwingine mzima? Nakitaka kiti changu."

"Ufunge nzi kwa kushoto? Usinichekeshe."

"Cheka, lakini nipe ndoano."

Wenzetu wakaacha kazi kututazama. Nilichagua nzi mweusi mdogo, yule tunayemfundishia wageni: hana mabawa wala mapambo, mwili wa uzi na unyoya mmoja shingoni. Nikabana ndoano kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, nikaligeuza litazame upande wa pili, nikaanza kuzungusha uzi. Kila nilipohitaji mkono mwingine, niliushika uzi kwa meno.

"Utawauzia wateja mate?" akauliza Domo, jirani yangu wa meza.

"Trauti analala majini, mate yangu yatamfanya nini?"

Wakaangua kicheko. Wifi hakucheka.

Unyoya ukakaa. Nikafunga fundo la mwisho, jasho likinitiririka mgongoni, nikakata uzi. Ndipo nikaona. Lo! Nilikuwa nimesogea mbele mno, uzi umeziba tundu la ndoano. Mvuvi angepitisha wapi mshipi wake? Kosa la mgeni wa siku ya kwanza, na mimi nimezeekea humu.

Wifi naye aliliona. Akaniinamia, akanong'ona, "Basi, huyu tutampitisha. Nitakuwekea kiti pale dirishani, uwe unakuja kukaa na sisi tu."

Hapo nikapandwa na hasira hasa. Bora angenifukuza. Eti kuja kukaa! Nikachukua wembe, nikamchana nzi wangu mbele ya macho yake, uzi na unyoya vikaanguka mezani.

"Usinihurumie, wifi. Nzi mbovu ni mbovu, awe wangu au wa nani."

Nikaanza upya. Macho yaliwasha, meno yaliuma, ila safari hii niliusimamisha uzi mapema, nikaacha nafasi ya fundo. Nilipomaliza nikamtia nzi kiganjani mwake.

"Mvute. Mvute kama unavyowavuta wa wengine."

Akauvuta unyoya kwa kucha, akakaza, haukulegea. Akapitisha mshipi tunduni, ukapita.

"Haya, huyu umemweza," akasema shingo upande. "Lakini ni mmoja tu, wifi. Wenzako asubuhi hii wameshajaza sinia."

Nikavuta kiti changu, nikakikalia.

"Sasa mbona unanichelewesha? Leta ndoano."