Chumvi ya Daraja la Kwanza

Chwa. Kimya. Chwa, chwa.

Kanze alifumbua macho gizani. Adhana ya alfajiri ilikuwa bado, na mabasi ya bara pale Mwembe Tayari yalikuwa hayajaanza kupiga honi. Sauti ilitoka kitandani humo humo, chini ya shuka, upande wa mwanawe.

"We Wendy, una nini?"

Akawasha tochi ya simu, akafunua shuka. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amekumbatia kindege cha kaure, cheupe, kinene tumboni, hakizidi kidole gumba cha mtu mzima. Mgongoni kina vitundu vitatu, na ukikitikisa, chumvi inalia ndani.

Hakuwa na haja ya kuuliza kimetoka wapi. Miaka miwili sasa, kila Ijumaa, yeye ndiye aliyekuwa akikipangusa vumbi pamoja na vindege wenzake kumi na mmoja, katika kabati la vioo la Mzee Abdeali, tajiri wake, kule Ndia Kuu. Na jana, kwa kuwa shule zimefungwa, alikuwa amekwenda kazini na Wendy.

"Nani kakupa?"

Mtoto akauma mdomo. "Ni ndege ya baba," akasema.

Baba yake, Kahindi, alikuwa kazini Doha tangu mwaka juzi, na kila ndege iliyopita juu ya paa Wendy huiamkia kwa mkono. Moyo wa Kanze ukalainika, lakini haukukaa hapo. Alikigeuza kindege kichwa chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana vile hupanguswa tu, havichezewi. Chini ya tumbo palikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza. Neno la kwanza alilijua. Mwalimu Lennox wa masomo ya jioni aliliandika ubaoni wiki iliyopita, katika safu ya tatu ya vitenzi. Akasoma mara ya pili, herufi kwa herufi.

KIMEIBWA KUTOKA DARAJA LA KWANZA.

"Mungu wangu!"

Usingizi ukaishia hapo. Akawa anazunguka chumbani, hatua nne kwenda, nne kurudi. Wamekipiga chapa, akawaza, kama ng'ombe. Wametia alama vyao vyote ili mwizi akikamatwa akose la kusema. Mara akawaza kinyume chake: au ni wao walioiba mwanzo, na sasa kitu kilichoibwa kimeibwa tena, kimelala kitandani kwake, na polisi wakija hawatataka kujua nani alitangulia. Gunga, aliyefanya kazi pale kabla yake, aliondoshwa kwa ajili ya kijiko kimoja cha chai. Na kijiko chenyewe hakikuwa na maandishi.

Kufua angeweza kufua popote. Lakini Bi Amtulla, mke wa Mzee, alikuwa akimwachilia saa kumi kamili kila siku awahi darasani. Nyumba gani nyingine ingemfanyia hivyo? Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa Novemba.

"Sikiza, mwanangu." Alichutama mbele ya Wendy. "Twenda kukirudisha. Mama atakiweka pale pale kilipokuwa. Wewe usiseme kitu. Hata ukiulizwa. Umesikia?"

Wendy akatikisa kichwa kukubali.

Kulipopambazuka walikuwa njiani, kindege kimefungwa pindoni mwa leso, mkono wa mtoto umebanwa katika mkono wa mama.

"Kanze, leo mbio hizo, kwaungua wapi?" muuza mahamri akamtania karibu na Marikiti.

"Kwangu," akajibu bila kusimama.

Bi Amtulla alifungua mlango mwenyewe, amevaa rida yake ya maua, vazi la kufunika kichwa hadi miguuni.

"Subalkheri, Bai," Kanze akamwamkia; Bai ndivyo alivyomwita bibi wa nyumba.

"Akheri. Mapema hivi! Wafukuzwa na nani?"

Kanze akacheka kicheko kikavu, akapanda ngazi na Wendy. Alitaraji sebule itakuwa tupu. Haikuwa tupu. Mzee Abdeali alikuwa mbele ya kabati, vioo wazi, kikombe cha chai mkononi. Kanze akarudi nyuma hatua moja, na leso ikagonga ukingo wa mlango. Chwa.

Mzee alikuwa mzito wa masikio kwa kila kitu isipokuwa vitu vyake. "Hicho ni cha saba," akasema.

"Cha saba kiko wapi?" Bi Amtulla akauliza kutoka nyuma.

Kanze akafungua pindo kwa mkono mmoja. "Bai, mimi sikujua... Hapa chini pameandikwa kwamba..." Akalisoma lile neno kwa Kiingereza, kwa sauti, kama yuko darasani.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Amekisoma! Amtulla, amekisoma! Wageni wote wanaoingia humu, hakuna hata mmoja aliyewahi kukigeuza!" Akafuta machozi. "Havikuibwa hapa, mwanangu. Alefiya, binti yetu, aliyetuletea hivi, anahudumu ndani ya ndege, kule mbele, daraja la kwanza, abiria wanakolala vitandani. Watu wazito, suti na saa za dhahabu. Chakula kikiisha, kindege cha chumvi kimeshaingia mfukoni. Kampuni ya ndege ikachoka, ikaandika chini: kimeibwa. Basi ndiyo wakazidi! Siku hizi abiria asiyetoka nacho aonekana mshamba. Imekuwa mila, kama kile." Alionyesha ukutani, kwenye fremu ya cheti chake cha kuvuka Ikweta angani, safari yake ya kwanza, kimetiwa saini na rubani.

"Mwizi akikaa mbele, huitwa mteja," Bi Amtulla akasema.

Kanze akacheka nao. Kijiko cha Gunga kilimpita akilini, na hicho hakikumchekesha.

Kisha uso wa Bi Amtulla ukatulia. "Lakini kwako kilifikaje?"

"Aa, mwache," Mzee akadakia. "Labda mtoto nilimpa mimi. Jana tulivitazama pamoja. Kichwa changu nacho, siku hizi..."

"Alimpa, Kanze?"

Ndiyo moja tu, na saa kumi yake imesalimika. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Akatazama chini. Wendy alikuwa akimkodolea macho mdomoni, vile vile anavyomkodolea jioni mama akisoma kwa sauti, apate kujua neno linavyotamkwa. Vidole vya mtoto vilikuwa vimebanwa tangu Mwembe Tayari.

Kanze akauachia ule mkono.

"Mwambie Bai," akasema polepole. "Sema wewe."

Wendy akakitazama kindege, kisha Mzee, kisha Bai.

"Babu hakunipa, nilikichukua mimi."