Malaika wa Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu aliacha kuamini kwa utaratibu, kama anavyofanya mambo yake yote. Ni mpima ardhi. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kupima: mkia wa paka, kina cha dimbwi, kipande changu cha mkate akikilinganisha na chake. Ndiyo maana nyumbani tunamwita Futi. Alifundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka mingi, kisha akaanza kukaa na Biblia yake kama anavyokaa na ramani ya kiwanja chenye mgogoro, akilinganisha mipaka. Mipaka ikakataa kukutana. Akafunga kitabu, akaja kuniambia mimi kwanza, kwa sababu siri zake zote huanzia kwangu. Nyingine huishia hapohapo, ingawa wanaonijua hawaamini.

Mimi ni msusi, na ni Mkristo wa kelele. Kanisani naimba sauti ya kwanza, na mahubiri yakinikolea naitikia kabla mhubiri hajamaliza sentensi. Kwa hiyo Futi aliponiambia, nilimcheka. Nikadhani ni homa, itapita.

Kilichonimaliza kicheko ni Baba. Macho ya Baba yalizimika, moja likafuata jingine, na kila Jumapili alasiri Futi humsomea Biblia pale sebuleni. Mwanzoni nilijaribu mimi. Baba alivumilia sura mbili, akasema, "Mwanangu, unasoma kama mtu anayegombana na mwenye duka." Hakunisingizia. Mimi siwezi kumpita Yakobo na ujanja wake bila kumwambia ninavyomwona. Futi ana sauti tulivu, inayokwenda hatua kwa hatua, na Baba huisubiri wiki nzima. Siku hiyo huvaa shati la kola, kiti chake kishavutwa dirishani hata kabla chakula hakijapoa.

"Jumapili hii nitamwambia naacha," Futi akasema. "Siwezi kuendelea, Dada. Nasoma maneno nisiyoyaamini mbele ya mtu asiyeniona uso. Huko ni kumdanganya kipofu."

Nilimwogopea Baba. Mama alishatangulia, nyumba ile imebaki na saa ya ukutani na sauti ya Futi. Na niliogopa kwa ajili yangu pia. Nimeona ndugu wanavyopotezana: hakuna anayepiga mlango kwa hasira, ni Jumapili moja ya udhuru, halafu nyingine, halafu mnakutana kwenye misiba.

"Njoo saluni Jumamosi," nikamwambia. "Njoo na maswali yako yote. Nitayajibu."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani nina kasoro gani?"

Akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ikanipandisha mori.

Jumamosi saluni ilijaa. Kwenye kiti cha mbele ya kioo alikuwa mama mchungaji, nimempaka dawa ya kulainisha nywele. Chini ya draya alikaa nesi wa zahanati. Muuza mitumba alikuwa anasubiri zamu yake, amefungua furushi lake sakafuni anachambua blauzi. Futi alikaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono magotini, amenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Akaanza na safina. Alikuwa amepiga hesabu: urefu, upana, vyumba, majani ya ng'ombe, na kinyesi cha tembo wawili kwa siku zote zile.

"Nani alikwambia walichukua tembo wazima?" nikamuuliza. "Walichukua vitoto. Nuhu hakuwa mjinga."

Wateja wakacheka. Futi hakucheka. Akaruka kwa yule nabii aliyemezwa na samaki, nikamjibu. Akaja kwa jua lililosimama, nikamjibu. Na kila jibu langu lilikuwa bovu kuliko lililotangulia. Nilijua. Lakini nilikuwa na kitana mkononi na watu wananisikiliza, na mtu wa aina yangu akifika hapo harudi nyuma.

"Haya, tuache samaki," Futi akasema, na sauti yake ikashuka. "Nieleze asubuhi ya ufufuo. Hapo ndipo nilipokwama mimi. Habari ni moja, walioiandika ni wanne. Huyu anasema alikwenda mwanamke mmoja, huyu wawili, huyu watatu. Huyu malaika mmoja, yule wawili. Kama jambo lenyewe ndilo kubwa kuliko yote, Dada, wanashindwaje kuhesabu malaika?"

Hakuwa anabishana tena. Alikuwa anauliza kweli, na mimi nikaona uso wake. Kama ningekuwa na akili ningenyamaza.

"Wa pili alikuwa nyuma ya mlango," nikasema.

"Kaburi halikuwa na mlango. Lilikuwa na jiwe."

"Basi nyuma ya jiwe!"

Nesi akanyanyua draya. "Anafanya nini huko nyuma ya jiwe?"

"Anachungulia! Kwani malaika hawapendi kujua mambo?"

Hapo mama mchungaji akasema jambo. Ni mwanamke mpole kupindukia. Akijigonga kwenye kiti, humwomba kiti radhi. "Samahani, mpendwa," akasema, "naona kama inaniwasha."

"Vumilia kidogo, mama," nikamwambia. "Namalizia malaika."

Nikamalizia malaika. Na nywele zake za mbele zikamalizika.

Nilipokuja kumwosha, zilitoka na maji, kuanzia kwenye paji la uso hadi karibu na utosi. Nesi akamkagua ngozi, akasema hakuna kidonda, ni wekundu tu. Mimi nililia kuliko mwenye kichwa. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Hawakusema kichwa cha nani. Mama mchungaji alijitazama kwenye kioo kwa muda, akafunga kilemba, akasema, "Zitaota." Kwake yeye yaliishia hapo.

Lakini ana dada. Dada yake alikuwa karani wa mahakama. Alishastaafu ukarani, ila mahakama haijatoka mwilini mwake. Aliposikia, jioni ileile alishafungua kesi, kuisikiliza na kutoa hukumu: nimefanya makusudi, kwa sababu mwezi uliopita mama mchungaji alininyang'anya sehemu yangu ya kuimba peke yangu, akampa binti mwingine. Kunyang'anywa ni kweli. Na kwamba nililalamika kwa kila aliyekuja kusukwa, hilo nalo ni kweli. Lisemwalo lipo.

Baba ni mzee wa kanisa wa siku nyingi, na mashauri yetu madogo bado huletwa kwake. Kwa hiyo Jumapili alasiri, Futi ameshakaa na Biblia pajani, ameshameza mate na kusema, "Baba, leo kabla sijaanza kuna jambo," mlango ukagongwa. Akaingia Karani na mkoba wake, mdogo wake na kilemba chake, na nyuma yao nesi na muuza mitumba waliovutwa kama mashahidi. Sijawahi kufurahi hivyo kushtakiwa. Nilimkaribisha Karani kwa bashasha mpaka akanishuku zaidi.

"Shikamoo mzee," akamwambia Baba, akatoa maelezo yake, kisha akaita shahidi wa kwanza. Naam, aliita.

Nesi akasema ilikuwa ajali. Mazungumzo yalikuwa juu ya safina, Futi amekaa kwenye benchi, na msusi alisahau dawa.

Muuza mitumba akasema kweli ni ajali, ila hapakuwa na safina yoyote. Palikuwa na samaki. Na Futi alikuwa amesimama, anarusha mikono.

Mama mchungaji akasema yeye alisikia habari za malaika tu, na kwamba aliomba kuoshwa mara tatu.

"Mara moja," nikasema mimi.

"Ya kwanza na ya pili nilisemea moyoni," akasema.

Karani akasimama. "Mzee, umesikia. Mmoja anasema amekaa, mwingine anasema amesimama. Huyu safina, huyu samaki, huyu malaika. Mara moja, mara tatu. Watu wanne, maneno manne! Habari hii imetungwa kumlinda msusi. Haiwezekani kitu kitokee kweli halafu—"

"Mama, samahani sana." Alikuwa Futi. Alikuwa amesimama, na safari hii, muuza mitumba angepata haki yake, alikuwa anarusha mikono. "Wangekuwa wametunga, wangesema neno moja! Watunzi hukutana kwanza. Mimi kila siku nasikiliza mashahidi wa mipaka. Wakija wote na maneno yaleyale, hata kukohoa wanakohoa pamoja, najua wamelishwa. Wakija mmoja anakumbuka mti, mwingine anakumbuka mbuzi aliyefungwa kwenye mti, hao ndio waliokuwepo! Huyu alikuwa chini ya draya, anasikia nusu. Huyu alikuwa anachambua nguo, ananyanyua macho mara mojamoja. Huyu kichwa kinamwaka moto. Kila mtu na kiti chake, Mama! Ondoa samaki, ondoa benchi, angalia wanapokutana: Dada alibishana, akasahau. Na kama wewe huamini mdomo wa mtu, basi kichwa kile pale!"

Nilijitahidi. Nauma midomo, natazama dari, nahesabu mbao. Lakini furaha haifichiki, na Futi akaniona. Nikamwona naye anakisikia alichokisema, neno baada ya neno, linamrudia kama chenji.

"Usiseme kitu," akaniambia.

"Sijasema."

"Dada, usiseme."

Baba alikuwa anakohoa kwenye leso. Baba hakuwa na kikohozi.

Aliyefunga kesi ni mama mchungaji. "Dada, twende nyumbani," akamwambia Karani. "Kwangu yaliisha tangu jana, ila mimi hukuniuliza." Pale mlangoni akanishika mkono. "Zikiota nitarudi unisuke. Ila siku hiyo kaka yako asiwepo."

Tuliwasindikiza hadi barabarani. Walipokata kona nilifungua mdomo, Futi akaniwahi.

"Najua unachotaka kusema. Sasa nisikilize. Kichwa nimekiona, Dada. Kaburi sijaliona."

Vitoto vya tembo vilikuwa vimeniishia.

"Sina jibu," nikasema. "Mimi nawaamini wale akina mama waliotoka mbio asubuhi ile. Maisha yangu yote nimekaa na wanawake wanasimulia, nimesimama nyuma ya vichwa vyao. Namjua anayetunga na namjua aliyeona kitu kikamshinda kusema. Wale waliona kitu."

"Hiyo si hoja."

"Siyo. Ndicho nilicho nacho."

Alinitazama sana, bila ile huruma ya siku nyingine. Kisha Baba akaita kutoka dirishani.

"Futi, ulikuwa na jambo."

Akaingia, akakaa, akalisema. Sikutegemea angelisema wazi hivyo. "Baba, mimi siamini tena. Yapata mwaka. Nilikuwa nakusomea tu."

"Najua," Baba akasema.

Futi akanigeukia kwa macho makali.

"Si yeye," Baba akasema, kana kwamba ameona. "Yeye alifunga mdomo, ndipo nikajua kuna jambo zito. Wewe umejitaja mwenyewe. Zamani, ulipokuwa unaamini, ulikuwa unakimbilia amina. Ulikuwa unasoma vibaya, mwanangu, nilikustahi tu. Siku hizi unasimama. Ukifika mahali pagumu unanyamaza, nami nanyamaza, nalitafuna neno. Mwaka huu ndio nimesikia vitu nilivyodhani navijua."

"Lakini ni kukudanganya, Baba."

"Kuamini nitaamini mwenyewe. Wewe niazime macho. Ukifika usipopaamini, sema, 'Baba, hapa siamini,' kisha usome vilevile. Usiruke. Siku ukiruka, hapo ndipo utakuwa umemdanganya kipofu." Akavuta kola yake ikakaa sawa. "Haya. Nisomee asubuhi ile ya kaburi. Zote nne."

Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, na sikuchemsha. Nilisimama nyuma ya mlango, nimeushika usije ukalia. Niliogopa hata kuvuta kamasi. Nikasikia karatasi zinafunuliwa, kisha ile sauti inaanza kutembea, hatua kwa hatua. Ikasimama. Ikasema, "Hapa siamini, Baba," ikaendelea. Saa ya ukutani ikapiga, hakuna aliyeijali.

"Ngoja," Baba akasema. "Hapo malaika wangapi?"

"Hapa ni mmoja, Baba. Wa pili yuko nyuma ya mlango wa jikoni, anachungulia. Nadhani analia."

"Mwambie alete chai," Baba akasema. "Na wewe usiruke."