Vitambaa Kwenye Seng'enge

Mimi Gerishon Nderitu nilimshtaki binti wa jirani kwa sababu ya harufu. Naisema mwenyewe mapema, asije mwingine akakusimulia na chumvi zake, maana hapa kwetu, kati ya Eldoret na Kaptagat, habari ya mtu haikai siku mbili bila kunenepa.

Binti mwenyewe ni Jelagat, mtoto wa Mama Jeruto, ambaye shamba lake limepakana na langu. Mwaka ule wa 1986 alikuwa na miaka kumi na tisa, miguu mirefu, maneno machache, na kazi yake ilikuwa kukimbia. Alfajiri alikwenda msitu wa Kaptagat, jua likipanda akarudi, akajipaka miguuni dawa ya kuchua misuli, ile inayopanda puani mpaka machozi yakutoke, kisha akaifunga miguu kwa vitambaa vilivyolowa dawa hiyohiyo. Akimaliza, vitambaa alivianika. Wapi? Kwenye seng'enge ya mpaka wetu, na upepo wa huko ukivuma unaingia moja kwa moja kwenye viazi vyangu.

Viazi vile havikuwa vya kuchezewa. Mke wangu Waithira alikuja na mbegu yake kutoka Nyeri mwaka wa 1969, kiondo kimoja cha waru, viazi vya macho mekundu ambavyo sijaviona kwa mtu mwingine pande hizi. Kila msimu alichagua mbegu mwenyewe, kwa mkono, kimoja kimoja. Alipofariki nikaendelea kuchagua mimi, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyonifanya nihisi bado yuko nyumbani. Sikumpa mtu hata kiazi kimoja cha kupanda. Waithira akiwa hai alitaka kumgawia Mama Jeruto, nikakataa. Akaniambia mbegu ya nyumba moja hufa na nyumba hiyo. Nikamwambia apakue chakula, tule.

Sasa, anayejua viazi anajua kwamba ukiviweka karibu na mafuta ya taa vinashika ladha ya mafuta ya taa. Nikawaza kwamba dawa ya Jelagat nayo itazama udongoni, na viazi vya Waithira vitanuka goti la mwanariadha. Mtu mwenye akili angevuka mpaka akaongea na jirani. Mimi nilingoja baraza la naibu wa chifu siku ya Alhamisi. Tulipomaliza wimbo wa taifa na kumpigia Rais makofi ya Nyayo, nikasimama mbele ya kila mtu nikasema binti yule ananuka na ananichafulia shamba. Watu walicheka sana. Naibu wa chifu akaamuru vitambaa viondolewe siku hiyohiyo. Jelagat alikuwa ameketi nyuma na mama yake, akiangalia viatu vyake. Nilirudi nyumbani nimeshinda kesi, na nilijipikia chai ya maziwa mengi.

Wiki hiyohiyo Juni ikaingia na baridi yake, na ukungu wa kutoka msituni ukawa unalala shambani mpaka saa nne. Viazi vikaugua. Kwanza majani yalipata madoa kama ya maji, kesho yake madoa yakawa meusi, na ukigeuza jani unaona kuvu nyeupe imejitandaza chini yake kama vumbi la unga. Nilikwenda Eldoret nikanunua dawa, nikanyunyiza jioni, mvua ikaiosha. Nikarudia, ikaoshwa tena. Kufikia mwisho wa mwezi mistari kumi na minane ilikuwa mashina matupu yanayonuka uozo, na nilipochimba nilikuta viazi navyo vimeoza ardhini.

Mistari miwili tu ilibaki, ile iliyopakana na seng'enge ya kina Jelagat. Mwanzoni nilidhani pale udongo haushiki maji. Lakini upande wa barabara pia kuna seng'enge, udongo ni uleule, na huko ndiko viazi vilikooza kwanza. Nilisimama pale nikaanza kuelewa kitu ambacho sikutaka kukielewa.

Siku hiyo alipita Otiende, mwalimu wa baiolojia aliyekuwa akinunua maziwa kwangu, nikamwonyesha. Nilitaraji anicheke. Badala yake akasema kuna wataalamu ng'ambo wanaodai kwamba mti ukishambuliwa hutoa harufu, na mti wa jirani ukiipata hujiandaa kabla adui hajaufikia. Tena mafuta yaliyo ndani ya dawa ile ya kuchua, zamani yalikamuliwa kutoka kwenye majani. Huenda viazi vyangu vilipata harufu ya vitambaa vikadhani ni mwenzao mgonjwa anawaonya, vikajifunga mkanda mapema. Alisema hilo hawezi kuliapia, wala hawezi kuwafundisha wanafunzi wake.

"Lakini Mzee, hizo vitambaa zilitolewa lini?" akauliza.

Nikamwambia ni wiki ya nne sasa. Aliinama akageuza jani moja la mstari wa pili. Lilikuwa na doa bichi.

"Basi waru zimeanza kusahau," akasema.

Mchana huo sikungoja baraza. Nilivua kofia nikavuka kwa Mama Jeruto. Alinikaribisha jikoni, akanimiminia mursik, maziwa yao ya mgando, kutoka kwenye kibuyu kana kwamba sijawahi kumkosea, na ukarimu ule ulinichoma kuliko matusi. Nikaeleza yote, nikaomba vitambaa virudi. Jelagat alikuwa karibu na moto akijikanda misuli ya miguu. Aliniacha nimalize.

"Mzee, ulisema nanuka mbele ya watu," akasema polepole. "Hapa jikoni hakuna watu."

Mama yake hakumkanya. Alisema kweli. Nikamaliza mursik yangu nikaenda zangu.

Ilikuwa Jumatatu. Siku tatu hizo nilitembea kwenye mistari miwili asubuhi na jioni nikihesabu madoa, na kila nikihesabu yalikuwa yameongezeka. Alhamisi nikavaa koti la kanisani nikaenda barazani. Baada ya wimbo wa taifa nikasimama palepale niliposimama mara ya kwanza, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Nilisema huyu msichana ananuka," nikawaambia. "Hanuki. Harufu yake ndiyo ililinda waru ya mke wangu, na mimi nikaifukuza. Kama kuna kitu kilinuka hapa, ni mdomo wangu. Jelagat, nakuomba msamaha."

Walicheka kuliko siku ile ya kwanza, na safari hii walinicheka mimi. Jelagat hakucheka. Aliniangalia usoni mara moja, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Nilipofika nyumbani vitambaa vilikuwa kwenye seng'enge, vimelowa na vinanukia mpaka mlangoni pangu. Kila asubuhi alivilowesha upya kabla ya kujipaka yeye mwenyewe. Mstari wa pili uliharibika nusu. Wa kwanza ulisimama mpaka ukakauka kwa wakati wake. Kama ni vitambaa au ni bahati, hata Otiende hajui. Agosti nilichimba peke yangu, nikapata kiondo nusu. Niliketi chini kwenye udongo nikalia, sioni haya kusema.

Mwezi wa kumi viazi vilipochipua nikavigawa sehemu mbili sawa. Sehemu moja nikaitia kiondoni, nikaiinua juu ya seng'enge, nikamwita Mama Jeruto. Alifikiri namwachia mboga.

"Ni ya kupanda," nikamwambia. "Waithira alitaka uipate kitambo. Mimi ndiye nilikataa."

Alikipokea kiondo kwa mikono miwili, akavitazama vile viazi vyenye macho mekundu. Kisha akaniuliza macho yaangalie wapi wakati wa kupanda.

"Juu," nikamjibu, kwa maana hivyo ndivyo nilivyofundishwa na Waithira. Jelagat akaenda kuchukua jembe.