Kurasa Kumi na Mbili za Mzee Sadallah

Mwalimu Veridiana wa Kitangari alikuwa na riwaya moja ya upelelezi aliyoisoma mara saba bila kumjua muuaji. Kilipomfikia, mwaka themanini na nne, kitabu kilikuwa kimepita mikono mingi, na mkono mmojawapo ulikuwa umechana kurasa kumi na mbili za mwisho. Mpelelezi anaingia sebuleni, anafunga mlango, anawatazama watu watano waliokaa, anafungua kinywa. Basi, hapo hapo kitabu kinaisha.

Alitafuta nakala nyingine Newala, Masasi, hadi Mtwara. Hakuipata, na waliokichapa walikuwa wamefunga ofisi zamani. Kwa hiyo mwaka tisini na tatu, Anthony mwenye duka la vitabu Masasi alipotangaza mkutano wa wasomaji na waandishi wa riwaya za upelelezi, na kwamba Mzee Sadallah, mwandishi wa kitabu kile kile, atakuwepo, Veridiana aliomba ruhusa shuleni akapanda lori la korosho.

Tangazo lilisema saa tatu. Saa tatu ukumbini alikuwepo yeye na mfagiaji. Watu arobaini hivi walijikusanya kufikia saa tano. Mgeni rasmi alifika saa saba, akahutubia kwa kirefu juu ya salfa ya kupulizia mikorosho na faida za soko huria. Riwaya hakuitaja hata moja. Waandishi wengine wawili walioalikwa gari lao lilikwama njiani.

Veridiana akaona afadhali asome. Alikuwa amenunua riwaya mpya pale mlangoni, akaifungua.

"Hiyo nzuri sana, dada," alisema jirani yake, Kurwa, fundi cherehani wa Chiungutwa. "Daktari ndiye aliyeua."

Veridiana akaifunga.

Zamu ya maswali ilipofika alisimama wa kwanza, kitabu chake kilichochanika mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja na swali moja tu. Nani alimuua yule tajiri wa mkonge?"

Mzee Sadallah alikitazama kitabu kwa muda. "Sikumbuki," alisema.

Ukumbi ulicheka. Veridiana hakucheka.

"Niliandika zamani, mwanangu, na nakala yangu ililiwa na mchwa. Sasa kuna mchapaji binafsi Dar es Salaam anataka kukitoa upya. Nimezunguka kote nikikitafuta. Naomba uniazime."

"Kuazima ndiko kulikokichana," alijibu Veridiana. "Kitabu hiki hakitoki nyumbani kwangu tena. Ukikitaka, njoo Kitangari unakili."

Alidhani amemaliza. Kesho yake mzee alipanda naye lori.

Alinakili siku nne kwenye meza ya kulia chakula. Gasper, mume wa Veridiana, alivumilia siku mbili. "Mama Josephina," alimwambia mkewe jikoni, "mgeni wako anaoga asubuhi na jioni. Maji yenyewe tunayafuata bondeni kwa baiskeli."

"Mvumilie. Anakaribia mwisho."

Siku ya tano mzee alimkabidhi mwisho mpya. Veridiana aliusoma akiwa wima.

"Mpishi?" aliuliza. "Mpishi siku hiyo alikuwa Kilwa. Ukurasa wa arobaini na moja. Umeandika mwenyewe."

Mzee akafunua. "Kweli," alisema, akaandika tena. Safari hii alikuwa kaka wa marehemu.

"Kaka ana mkono mmoja, mzee. Marehemu alinyongwa kwa kamba."

Mzee Sadallah akavua miwani. "Haya, mwalimu. Nani, basi?"

"Mjane. Anasema usiku ule alisikia redio ya mumewe ikiimba. Redio ilikuwa kwa fundi tangu ukurasa wa kumi."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akavuta karatasi. Veridiana alitoka nje akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Miaka tisa alitaka kuambiwa, na sasa yeye ndiye aliyemwambia mwandishi. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jioni mzee alimwita. Kurasa zilikuwa kumi na mbili kamili. Muuaji alikuwa mjane, kama Veridiana alivyosema. Lakini sababu hakuwa ameiwaza kamwe: mume alitaka kuuza kipande cha shamba walikozikwa watoto wao wawili, na mjane alipomsihi, alimjibu kwamba mnunuzi atalima tu juu ya makaburi.

Veridiana alirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta kosa. Makaburi yalikuwepo tangu sura ya pili. Aliyapita mara saba.

"Kuna kasoro?" aliuliza mzee.

Veridiana alikaa chini.

Gasper alichungulia mlangoni, akauliza kama mgeni ataondoka na lori la kesho.

"Ngoja kwanza, Baba Josephina," alisema Veridiana. "Nasoma."