Ukimya wa Chumba cha Cherehani

Kwii... mlio mmoja tu, mkavu, katikati ya rekodi ya usiku ule niliouomba uwe mtupu, na sasa uko ndani ya hedifoni mchana kweupe, pedali ya cherehani, si kitu kingine, naujua kama ninavyojua kikohozi changu, mama ameniharibia, nilimwambia asiguse kitu, nilimwambia Mama nataka ukimya wa chumba, akacheka, ukimya nao unarekodiwa, akasema, hicho chuo kinawafundisha nini, nikamweleza kwamba kila chumba kina kimya chake, kwamba nikikata maneno yake huku na kuyaunga kule panabaki shimo, sikio linajikwaa, lazima nizibe kwa kimya cha chumba kile kile, akaelewa upesi kuliko sisi darasani, ah, kiraka, akasema, kiraka cha kitambaa kile kile, si useme hivyo... macho yanawasha, skrini hizi zinakula macho, mgongo nao si wangu tena, na nyuma yangu Fokasi anaongea, tulimbatiza hivyo mwaka wa kwanza kwa kuwa picha zake zote zilitoka na ukungu, anasema dada, fundi wa maabara ya uhariri anataka kufunga, peleka kazi hivyo hivyo ilivyo, nami naitikia mmh bila kusikia vizuri, kwa sababu mhadhiri ameshasema, kwa upole wake ule unaochoma, filamu hii ya mama yako ni safi lakini kuna mtu hayumo, mtafute kabla hujaikabidhi, la sivyo utarudia mwaka, na mimi nirudie mwaka kwa nguvu zipi, nimechoka hadi kwenye kucha... mtu hayumo, kana kwamba simjui, kaka yangu, mkubwa wangu, aliyekuwa akikaa chini ya cherehani tangu mdogo akizungusha nyuzi vidoleni, akakua, akaenda gereji kujifunza ufundi, akatoka asubuhi moja na mkate mkononi, jeki ikateleza, lori likamlalia, na tangu mazishi jina lake halijasemwa nyumbani, si lile la shule, si lile la nyumbani, mama ndiye aliyetupa majina ya nyumbani, aliyatoa kwenye kazi yake, mimi Sindano kwa wembamba wangu, yeye kwa zile nyuzi alizozungusha, yeye... ona, hata hapa, peke yangu kichwani, nalikwepa, nyumba nzima tulijifunza kulikwepa kama watu wanavyokwepa dimbwi mlangoni, tukisema yule, tukisema wakati ule, mpaka miguu ikazoea... nilijaribu, nilimweka mama mbele ya kamera nikazunguka kwa mbali, Mama ulianza lini kushona, Mama nani alikufundisha, Mama hilo shati la bluu pale ukutani ni la nani, akaacha kushona, akaitazama lenzi kama anavyomtazama mteja anayeomba kupunguziwa, kata, akasema, neno nililomfundisha mwenyewe, kata hapo mwanangu, na kila nilipokaribia, kata, mpaka nikamwambia Mama, kumbe wewe ndiye mwongozaji, akasema ulidhani nani... dada unanisikia, huyu Fokasi, fundi anakohoa mlangoni kile kikohozi cha kufukuza wageni, mwambie anipe muda kidogo, muda kidogo ulimwomba jana, anasema Fokasi, na juzi, sasa mwombe undugu... kabla ya mlio wa pedali kimya ni kifupi mno, hakitoshi hata kiraka cha kiwiko, nitafute baada yake, mstari wa sauti umelala kwenye skrini, mlio ni kilima kidogo, kisha tambarare, kisha vilima vingine, vidogo, vimepangana kama mshono... vimetoka wapi, mimi sikuwemo, nilikuwa na mafua, pumzi zangu zilivuma kama mivukuto, nikatoka nikakaa ngazini, nikamwacha mama na kinasa sauti juu ya meza ya kukatia, kando ya mkasi, mlango umefungwa, niliporudi alikuwa anakunja kitambaa, akauliza nimenyamaza vizuri, nikamwambia vizuri sana Mama, na sikuwa nimesikiliza hata kidogo, nilikuwa nataka kulala tu... pumzi, kiti kinalia, kisha sauti yake, si ile ya kamera, ile nyingine, niliyoisikia mwisho nikiwa mtoto, Sindano kaniambia ninyamaze, anasema, polepole, kama anamwambia mtu aliyekaa chini karibu na miguu yake, eti anakitaka kimya cha humu ndani, kana kwamba hajakishiba... kidole changu kiko juu ya kitufe cha kukata, kimekaa hapo muhula mzima, nakiondoa, nakiweka mapajani kama kitu cha kuazima, sijui kama hii ni ya mhadhiri, sijui kama ni ya filamu yoyote, labda nitarudia mwaka, na arudie nani kama si mimi, Fokasi ananigusa bega, dada vipi, unalia, fundi anachezesha funguo, nainua mkono bila kugeuka, ngojeni, ngojeni jamani, kwenye hedifoni mama anavuta pumzi, pedali inalia tena, kwii, mimi nimekishiba, anasema, mwanangu, nimekishiba... Bobini.