Nafasi ya Mwisho Ukutani

Ukuta wa ofisi ya klabu ulikuwa umebakiwa na nafasi ya sura moja tu, na mchoraji alikuwa ameshaipiga mistari ya penseli. Kilichobaki ni kamati kumwambia amchore nani: Nahodha, aliyebeba makombe manne, au Sumaku, kaka wa tumbo moja wa mchoraji mwenyewe, ambaye hakubeba hata moja.

"Nahodha alikuwa na mguu wa gogo," alisema mtunza vifaa. "Sumaku, mpira ulikuwa unamfuata kama una shida naye!"

"Ukamfuata mpaka wapi?" mweka hazina alimkata kauli. "Chenga haziwekwi kabatini, mzee."

"Wewe ulikuwa unatazama mpira au unakata tiketi?"

Wakaangua kicheko. Mchoraji alikoroga rangi ambayo haikuhitaji kukorogwa. Asubuhi ile kaka yake alinyoa ndevu, akapiga pasi shati lake la maana, na sasa alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, akisubiri.

Kura zikatoka tatu kwa tatu. Mwenyekiti akavua miwani.

"Kanuni yetu inasema aliyekosa kombe kwa maradhi huhesabiwa kama aliyelibeba; ikiwa ndivyo, kura yangu ya uamuzi nampa Sumaku. Siku ya fainali Sumaku hakupanda basi. Fundi, ni wewe uliyetuletea habari kwamba ana homa. Ilikuwa kweli?"

Kwa miaka thelathini mchoraji alikuwa akipiga magoti kila alfajiri kuomba asamehewe uongo ule. Siku ile Sumaku hakuwa na homa. Alikuwa amekaa kitandani, viatu vya mpira vimeshafungwa kamba, akitetemeka. "Nikiboronga leo watasema sikuwa lolote. Waambie naumwa, mdogo wangu."

Sasa neno moja tu, na kaka yake angepata ukuta. Alimwomba Mungu kimoyomoyo ampe namna nyingine ya kujibu. Hakupewa.

"Hakuwa anaumwa," alisema. "Aliogopa. Mimi niliwadanganya."

Mtunza vifaa aliinamisha kichwa. Mwenyekiti akavaa miwani yake. "Basi. Mchore Nahodha."

Sumaku alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Kaka..."

"Miaka thelathini nimekuwa mgonjwa," Sumaku alisema polepole. "Watu wananipa pole barabarani. Wanasema, asingeumwa yule, wapinzani wangekoma! Leo umeniponya, mdogo wangu. Ahsante sana."

Akafungua kifungo cha juu cha shati, akaenda zake.

Mchoraji alipanda ngazi. Alianzia miguuni, kama alivyozoea, na mkono ukaenda wenyewe: mguu wa kushoto umegeukia ndani kidogo, kisigino kimeinuka, mpira umelala ubavuni mwa kiatu.

"Fundi," mweka hazina aliita kutoka chini, "Nahodha hakuwahi kusimama hivyo."

Mchoraji aliutazama mguu ule kitambo. Kisha akachukua kitambaa, akaufuta.